Muhuri Shingoni

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, bila hodi. Bati la karakana linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na ndoo ni ileile. Nimeamua kuandika mpaka msimu uishe, kwa sababu mashine ninayoilinda hainitaki nifanye lolote ila kuitazama, na mtu akitazama kitu kimoja saa nane kwa siku ama ataandika, ama ataanza kuzungumza nacho. Mhunzi wetu tayari anazungumza na tanuru lake. Mmoja anatosha.

Mashine yenyewe tunaiita Bembea. Ni mota kuukuu ya kusagia nafaka iliyofungwa gurudumu na fimbo. Inaushika mkono wa usukani ncha moja na kuusukuma ncha ya pili huku na huku, mara mia tatu kwa dakika, na kando yake kuna kihesabu. Mkono wa usukani ni kipande cha chuma chenye urefu wa kutoka kiwiko changu hadi vidoleni, kimepindwa kidogo shingoni. Hupokea amri ya dereva na kuipeleka gurudumuni. Ukivunjika, dereva anabaki na usukani na gurudumu linabaki na uhuru wake.

Watu hudhani chuma huvunjwa na mzigo mkubwa. Ukunje waya mara moja, hautavunjika. Ukunje na kuukunjua mara ishirini palepale, utabaki na vipande viwili na adabu. Chuma huchoka. Na huchoka kama mama yangu mzazi alivyokuwa akichoka: mpaka dakika ya mwisho kinasema hakijambo.

Mkono huu niliuchora mimi. Sikusomea. Niliingia hapa kufagia, nikawa nasoma michoro kabla ya kuitupa. Miaka kumi na tisa sasa: Bosi ana shahada ukutani, mimi nina penseli sikioni, na tunasikilizana.

Kihesabu jioni: 1,610,000.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Bembea. 1,750,000.

Alhamisi, 7 Machi

Saa tisa alasiri tumefika milioni mbili na mkono hauna hata mkwaruzo. Nimeizima Bembea. Ukiizoea kelele yake, ukimya wake unauma masikio.

Utaratibu wetu ni kwamba katika kila mikono kumi, mmoja huenda kwa Bembea. Ukivumilia milioni mbili tunautupa, kwa heshima, na wenzake tisa hupigwa muhuri na kuuzwa. Muhuri una neno moja: SAWA. Ulikuwa wazo langu, mwaka jana, mikono ya bandia ilipoanza kuzagaa mjini. Nikasema uwekwe shingoni, kwenye mpindo, kwa sababu fundi akilala chini ya gari hapo ndipo macho yake yanapofika kwanza. Bosi alilipenda wazo. Mimi nililipenda zaidi.

Anayepiga muhuri ni mhunzi. Tunamwita Kimya kwa sababu hajawahi kuwa hivyo. Leo tena, nyundo mkononi, alianza.

"Dada, chuma kikiwa cha moto nakipiga na kinanielewa. Hiki unanipa kikiwa baridi, nakitia chale. Chuma baridi hakisahau."

"Umeanza lini ushairi, kaka?"

"Mimi nasema tu."

"Sema, ndiyo kazi yako. Lakini piga."

Akapiga mara tisa. SAWA, SAWA, SAWA.

Jumapili, 10 Machi

Chakula cha mchana kwa dada. Mume wake, shemeji yangu, husambaza magodoro kwa gari lake mwenyewe, na kwa mwendo wake nadhani mengine hufika yakiwa yameshalaliwa. Mwaka jana nilipanda naye siku moja, tukapitwa na bata. Nilipomwambia anaendesha kama anayesindikiza maiti, alininunia miezi miwili. Hatukuapizana, ila chumvi alikuwa akiiomba kwa dada, nami nimekaa mbele yake.

Nilipatana naye kwa mkono wa usukani. Nilichukua mmoja rafuni karakana, nikaufunga garini mwake kwa spana yangu mwenyewe. Sidhani kuna mwanamke mwingine aliyempa shemeji yake zawadi ya kulala chini ya gari. Mkono ule aliupaka rangi nyekundu, akaacha muhuri wazi. Mgeni akifika, anainamishwa.

"Unaona pale? SAWA. Shemeji yangu huyo."

Leo ameinamishwa fundi wa televisheni, ambaye alikuja kwa shughuli nyingine kabisa.

Jumatano, 13 Machi

Dereva wa mkate amekuja kwa miguu. Dereva akija kwa miguu, usimuulize habari za asubuhi.

Alikuwa na mfuko wa karatasi wa mkate, na ndani yake mkono wetu, vipande viwili.

"Mama, hii si ya kwenu?"

Ni ya kwetu. Kipande kimoja kinasomeka SA, kingine A, na ile W imegawanyika katikati kama urithi. Nikamuuliza umevunjikia wapi.

"Nyumbani. Nageuza gari uani, mwendo wa kobe, nikasikia tak! Nazungusha usukani huku, gari linakwenda kule. Limeingia banda la kuku la mama mkwe."

"Na kuku?"

"Wazima. Mama mkwe ndiye anayetaga maneno mpaka sasa."

Tulicheka. Kisha akaongeza, taratibu, akitazama mfuko wake: "Dakika kumi kabla, mama, nilikuwa nateremka mlimani nyuma ya basi la shule."

Hapo hatukucheka tena. Nikampa mkono mwingine kutoka rafuni, wenye muhuri, akaondoka. Nikaviweka vipande dirishani, nikaanza kutafuta wa kumlaumu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekagua chuma chenyewe, kile kilichobaki cha mzigo uleule. Hakina neno.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemwambia Kimya tanuru lake lilikuwa na moto mwingi mwezi ule mkono ulipofuliwa. Amesema halikuwa. Nikasema lilikuwa. Akasema, "Dada, mimi moto naujua kwa rangi tangu wewe unafagia." Nikasema kufagia kulinifunza kuona uchafu.

Sijivunii jibu hilo, ingawa lilikuwa zuri.

Jumatatu, 18 Machi

Kimya hajasema neno tangu Ijumaa. Mpishi wa chai amemletea tangawizi akidhani anaumwa. Mvua haijakoma siku nne, ndoo imejaa mara mbili, na karakana bila sauti yake imekuwa kama nyumba iliyohamwa.

Jumatano, 20 Machi

Leo umeme ulikatika asubuhi, Bembea ikalala. Nikaketi dirishani na miwani yangu na kioo cha kukuzia, kwa kukosa la kufanya. Ndivyo nilivyojifunza mambo yangu yote.

Uso wa chuma kilichovunjika husomeka kama ukurasa, mradi ujue pa kuanzia. Sehemu kubwa ilikuwa laini, ina mistari iliyopindana, mmoja ndani ya mwingine, kama kitunguu kilichokatwa. Hiyo ni miezi ya kuchoka. Ufa ulikuwa unatembea kidogo kidogo, unapumzika, unatembea. Sehemu ndogo iliyobaki ilikuwa chengachenga kama sukari. Hapo ndipo palipokatika kwa pigo moja, uani, mbele ya kuku. Ukitaka kujua ufa ulizaliwa wapi, ifuate mistari kuelekea inakokuwa midogo.

Niliifuata kwa ncha ya penseli. Ikanipeleka ukingoni, ikawa midogo, ikawa midogo zaidi, ikaishia kwenye nukta moja. Nukta ile ilikuwa ncha ya chini ya herufi W.

Nilifuta miwani. Ilikuwa bado W.

Na vipande vyenyewe vilikuwa vimenionyesha tangu siku ya kwanza, nami nikafanya mzaha wa urithi.

Jambo lenyewe nalijua vizuri. Nguvu hupita ndani ya chuma kama maji mferejini, na ukiiwekea kona kali hujirundika pale. Katika mchoro wangu nililainisha kila kona. Nilimfukuza fundi mmoja kwa kuacha mkwaruzo wa patasi usiozidi unywele. Kisha nikachukua neno lenye meno, nikaamuru lipigiliwe kwa nyundo mahali panapobeba nguvu kuliko pote. Bembea isingeweza kuniambia, kwa sababu muhuri hupigwa baada ya Bembea. Tumekuwa tukipima mikono isiyouzwa na kuuza mikono isiyopimwa.

Vipande nimevifunika kwa kitambaa. Sijamwambia mtu. Kesho nitaweka mkono wenye muhuri kwenye Bembea, na Bosi nitamwambia ni ukaguzi wa kawaida. Huenda nimekosea. Sijawahi kuomba hivyo.

Alhamisi, 21 Machi

144,000. Mzima. Nimekula chakula cha mchana chote, na cha jirani yangu.

Ijumaa, 22 Machi

Saa sita kasoro kidogo Bembea imebadili sauti. Anayeijua hahitaji kuambiwa. 212,000. SA huku, A kule.

Nilivichukua vipande vyote vinne, vya mkate na vya leo, nikaenda ofisini kwa Bosi. Bosi ni mdogo wangu kwa miaka kumi na mitano, mrefu, na hacheki kabla ya saa sita mchana. Ilikuwa saa sita na nusu, haikunisaidia. Nilivipanga mezani, nikampa kioo cha kukuzia, nikamwonyesha pa kufuata. Alifuata. Nilisikia mvua juu ya bati, na nikajiona niko mlangoni na ufagio, nikiulizwa nilikuwa nafanya kazi gani kabla.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Kimya. Alijua kabla yangu, ila kwa mashairi."

"Mingapi imetoka na muhuri?"

"Thelathini na minne, kwa mujibu wa daftari."

"Basi tunairudisha yote."

"Tuwaambie nini watu?"

"Kwamba tuliandika SAWA na haikuwa sawa. Hawahitaji hotuba."

"Bosi, kosa ni langu."

"Muhuri ule ulichora wewe, nikaukubali mimi, akaupiga Kimya, na wote tulijiona wajanja. Usiwe mchoyo, Mama Mchoro. Tugawane."

Nilitoka nikiwa nimepungua uzito. Nikaenda tanurini. Kimya alikuwa amenipa mgongo.

"Kaka, uliniambia."

Kimya akageuka polepole. "Nakuambia mambo mengi, dada."

"Hilo ndilo tatizo lako. La kweli linapotea njiani."

Akafikiri. Kisha akaanza kunieleza, kuanzia chuma cha babu yake, na hakunyamaza mpaka saa kumi na moja. Nilimsikiliza mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kufurahia kelele kiasi kile.

Jumamosi, 23 Machi

Simu siku nzima. Wa kwanza dereva wa mkate, kwa sababu nilimpa mwingine wenye muhuri kwa mkono wangu. Alisema, "Mama, banda ndiyo kwanza tumelimaliza kulijenga." Amekubali kulaza gari. Wengi wameshukuru, mmoja ametukana, mmoja amedhani nauza bima. Kumi na mmoja wataleta Jumatatu.

Daftari lina thelathini na minne. Mkono wa shemeji haumo daftarini. Niliuchukua rafuni bila kuandika, kwa sababu zawadi iliyoandikiwa risiti si zawadi. Kwa hiyo ni thelathini na mitano, na ninayejua ni mimi peke yangu. Kesho nitakwenda kwa dada niubadilishe mwenyewe. Atadhani nimekuja kula.

Jumapili, 24 Machi

Gari halipo.

"Ameondoka alfajiri," dada akasema, anamenya viazi. "Amepata kazi ya kupeleka magodoro shule moja ya bweni, ng'ambo ya mto. Barabara ya milimani."

"Anarudi lini?"

"Kwa mwendo wake? Watoto watamaliza shule." Alicheka peke yake, kisha akaniangalia. "Mdogo wangu, una nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na W, na dada alikaa na kisu na kiazi mkononi, hamenyi wala haweki chini. Akampigia. Simu haipatikani. Akampigia tena. Huko, akasema, mtandao hupatikana kilimani tu, naye huwa anapiga akikumbuka.

"Angalau amebeba magodoro," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. 

Jumatatu, 25 Machi

Mikono tisa imerudi. Mitatu ina nyufa. Simu ya shemeji haipatikani.

Jumanne, 26 Machi

Sita imerudi. Haipatikani. Mvua imeongezeka. Redio inasema barabara ya milimani ina mashimo mapya, kana kwamba ya zamani hayakutosha.

Jumatano, 27 Machi

Haipatikani. Dada amekuja karakana, amekaa kwenye stuli karibu na Bembea. Bembea ilikuwa imezimwa. Tumekaa hivyo, wawili, tunatazama mashine isiyofanya kazi.

Nimekwenda kwa Bosi.

"Si thelathini na minne," nikasema. "Ni thelathini na mitano. Mmoja niliutoa bila kuandika."

"Najua. Rafu huwa naihesabu."

"Ulijua, na hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme. Uko wapi?"

Nilipomaliza kumweleza, alikuwa ameshatoa ufunguo wa pikapu yake mkobani. "Kimya ataendesha. Wewe shika mkono mpya, usio na muhuri. Alfajiri."

Alhamisi, 28 Machi

Naandika haya nikiwa nimelala juu ya godoro, nje kukiwa bado kweupe, na nitaandika mpaka mkono uchoke.

Tuliondoka alfajiri. Mkono mpya niliufunga blanketi, nikaupakata. Kimya aliendesha na kusema, na mimi nilitazama mitaro. Kila gari lililolala mtaroni lilinisimamisha moyo mpaka nilione rangi. Yalikuwa matatu. Moja lilikuwa jeupe kama lake, na Kimya alinyamaza kabla yangu. Lilikuwa limeandikwa "Samaki Freshi". Sijawahi kuwapenda samaki kama leo.

Njiani tukauliza. Kila aliyeulizwa alimkumbuka.

"Gari la magodoro? Lile linaloomba ruhusa kwa kila shimo?" Huyo ni muuza mahindi. "Lilipita Jumapili. Nilikuwa na muda wa kumuuzia, kumpa chenji, na kumuuliza habari za watoto, naye hajasimama."

Saa saba tukafika mtoni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamepanda juu ya daraja. Foleni ya malori. Na mbele kabisa, kabla ya malori yote, gari jeupe, magodoro yamefunikwa turubai. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na juu ya magodoro saba, amejinyoosha kama sultani, kikombe cha chai kifuani, shemeji yangu.

Aliponiona nashuka alikaa wima, chai ikamwagika.

"Shemeji. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Usiliwashe gari."

"Lina siku tatu halijawashwa."

Alifika Jumatatu. Maji yalikuwa ya magotini, wenzake wakavuka. Yeye akashuka, akaingia na fimbo, akatoka, akasema hapana. Madereva wakampa jina la Bwana Arusi, kwa sababu ya mwendo, na wakamwimbia. Kesho yake maji yakawa ya kifuani, na waimbaji waliobaki wakaja kuomba pa kulala. Ndiyo maana magodoro mengine yalikuwa yametawanyika kwenye malori yote, na mama mmoja mwenye kichanga alikuwa amepewa mawili.

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu alfajiri. Hayakutoka. Nikasema tu, "Niazime chini ya gari lako."

Tuliingia mimi na Kimya, matope hadi mabegani. Ile rangi nyekundu, kwa bahati yetu mbaya, ilikuwa imepigwa upya. Tuliikwangua. Nikapaka mafuta ya taa shingoni, nikasubiri, nikafuta yakauka, kisha nikapaka unga wa chaki. Chuma kizima hubaki cheupe. Chenye ufa hutoa yale mafuta yaliyojificha ndani, polepole, yakachora mstari.

Tulilala pale, bega kwa bega, tunatazama chaki. Mstari ukaja. Ulianzia kwenye W, ukashuka, ukazunguka upande wa pili tusioweza kuuona bila kioo. Nikaingiza kioo. Ulikuwa umezunguka karibu wote. 

Tukautoa. Tukafunga mpya, nikakaza nati mwenyewe, kisha Kimya akakaza, kisha shemeji akakaza, kila mmoja asimwamini mwenzake. Halafu Kimya akaushika ule wa zamani, akaugonga juu ya jiwe. Hakuugonga kwa nguvu. Ni kama mtu anavyogonga yai.

SA. A.

Shemeji aliviokota vipande. Akaviunganisha, akavitenganisha, akaviunganisha tena.

"Na mimi nilikuwa naupaka rangi," akasema.

"Nisamehe, shemeji. Neno lile niliweka mimi."

"Ng'ambo ya mto kuna mteremko," akasema, kama anaongea na vipande. "Mrefu. Una kona saba." Akavigeuza. "Mkono huu ungefika?"

"Usiniulize."

Nikangoja aanze kuninunia, na nikajiambia mara hii hata mwaka ni haki yake. Badala yake aliinua uso, na nikaona kitu kinachekacheka pembeni mwa mdomo.

"Shemeji, nikuulize la kitaalamu. Mtu mwingine, mwenye haraka zake, angekuwa ameendesha gari hili na mkono huu, mashimo yaleyale..."

"Usiendelee."

"Siendelei. Nauliza tu."

"Kila shimo ni pigo," nikasema. "Ukilipita kwa kasi, pigo kubwa. Ukilipita polepole, pigo dogo. Ufa ulitembea kwa mwendo wako."

"Kama anayesindikiza maiti."

"Kama asiyetaka kuwa maiti, shemeji."

Akafumba macho. Nadhani alikuwa analihifadhi. Kisha akatuandalia magodoro, mawili mawili, na Kimya akapanda kilimani na simu ya shemeji kumpigia dada. Alikaa huko nusu saa. Kwa ujumbe wa maneno matatu, "mzima, amelala, mkavu," kwa Kimya hiyo ni haraka.

Mvua inaanza tena juu ya turubai. Leo inasikika kama mvua tu.

Jumamosi, 30 Machi

Maji yamepungua. Shemeji amevuka wa mwisho, baada ya malori yote. Hakuna aliyeimba.

Jumatano, 17 Aprili

Thelathini na mitano, yote imerudi. Kumi na mmoja imekutwa na nyufa, mmoja ulivunjika kwenye banda, na hakuna binadamu aliyepata hata mchubuko. Nimeipanga sakafuni mistari mitano ya saba saba nikaitazama. Bosi akaja, akasimama kando yangu.

"Lala kidogo, Mama Mchoro. Macho yako yana uchovu wa chuma."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, na alikuwa anacheka.

Jumatatu, 22 Aprili

Kuanzia Aprili nane Bembea inazunguka na mkono wa mchoro mpya. Muhuri nimeuhamishia kwenye kichwa kinene, kando ya tundu la bolti, mahali ambapo nguvu haina shughuli. Herufi nimezilainisha kona, W yangu sasa inafanana na makalio mawili, Kimya amesema hivyo na siwezi kupinga. Unapigwa chuma kikiwa bado cha moto. Na unapigwa kabla ya Bembea. Kitakachouzwa ndicho kinachopimwa, mpaka alama ya mwisho. Bosi ameongeza lengo hadi milioni tatu.

1,810,000 jioni hii.

Alhamisi, 2 Mei

Milioni tatu. Nimepaka mafuta ya taa, nikapaka chaki, tukangoja, mimi na Kimya na Bosi na mpishi wa chai. Chaki imebaki nyeupe. Nimepaka tena. Nyeupe.

Dereva wa mkate amefungiwa wa kwanza. Ametuachia mikate minane, na salamu za mama mkwe, ambazo hatukuombwa kuzijibu.

Jumapili, 5 Mei

Siku ya nne bila mvua. Ndoo nimeipindua ikauke.

Chakula kwa dada. Shemeji ametengeneza kibao ukutani na kupachika vile vipande viwili nilivyomrudishia, SA na A, vimeachana kidole kimoja. Wageni sasa hawainamishwi, wanasimamishwa. Hadithi imekua tangu Machi. Mto una mamba, na mimi nafika nikilia. Nimeiacha hivyo. Baada ya chakula dada akamwambia anirudishe nyumbani.

Barabara imekauka, mashimo yako palepale, ila sasa yanaonekana mpaka chini. Kila tulipokaribia moja nililisikia shingoni, nikaanza kuhesabu mapigo bila kutaka. Nilikuwa nimeshika mpini wa mlango kwa mikono miwili, macho nimefumba.

"Shemeji," nikasema, "punguza mwendo kidogo."



"Shemeji," akasema, kwa upole sana, "tumesimama. Bata anavuka."